Neno la Mama Nililolikana

Ujerumani, wakati wa baridi, 1955

Kwa mama yangu mzazi, Bi. Zaina, Ngamiani, Tanga.

Mama, shikamoo. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya leo na hii ya pili ni ya miezi mitano niliyokaa kimya kama niliyefungwa mdomo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, kifua kimetulia, na lile goti la kushoto halikusumbui ukiinuka kutoka kwenye msala. Kama linakusumbua, usimfiche Mwanaidi. Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, nina koti. Kinachouma si mwili, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mwanaidi mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, nakujua tabia yako. Ukifika mahali pabaya utakohoa, utaruka mistari minne, kisha utasema, "Anasalimu tu, mama." Safari hii nakuomba kwa haki ya marehemu baba yetu, usiruke. Soma kila neno kama lilivyo, hata lile litakalokutia hasira mpaka utake kuichana karatasi. Na wewe mama, kama una chungu mekoni, kiteremshe kwanza.

Uliniuliza katika barua yako, "Huko unafundisha au unafundishwa?" Nilicheka, maana hata mimi sijui. Mimi hapa ni kama kile kipande cha kitambaa ambacho Mhindi wa dukani hukitundika mlangoni ili wapita njia wajue ndani kuna nini. Wanafunzi tisa, Wazungu watupu, hukaa mbele yangu. Profesa husema, "Bwana Rajabu, tafadhali, sema ng'ombe." Nasema ng'ombe. Wanaandika. "Tena, tafadhali." Ng'ombe. Kuna mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye miwani, hunikodolea macho mdomoni kama mtu anayetafuta jino la kung'oa. Basi nikitoka pale jioni nimesema ng'ombe mara arobaini na sijaona hata mkia wa mmoja.

Chakula ni viazi. Mchana viazi vya kuchemsha, jioni vilevile vya mchana vimekaangwa. Bi. Frida, mwenye nyumba ninayopanga chumba, ni mjane wa vita. Alinipa koti la mumewe, linanifika vifundoni, na nikilivaa watoto wa mtaani hunifuata nyuma. Nyama siigusi, nala mayai na samaki. Idi iliyopita niliswali peke yangu chumbani, kisha nikajipa mkono mwenyewe nikajiambia Idi mubaraka. Usinionee huruma, mama. Nayaandika hayo ili ujue kwamba shida ndogo sikufichi. Niliyokuficha ni mengine, na yanaanzia siku ya kwanza kabisa.

Nilipofika hapa chuoni nilipewa karatasi ya kujaza. Jina langu, nikaandika. Lugha ya baba: Kiswahili, na hiyo ni kweli. Kisha lugha ya mama. Hapo nilikaa na kalamu muda mrefu. Walikuwa wamemwita mtu wa kuwasemea Kiswahili safi cha mwambao, nami nilidhani nikiandika Kibondei, lugha yako, watasema, aa, huyu amechanganyika, mrudisheni na meli ileile iliyomleta. Nikaandika: Kiarabu. Mama alizaliwa wapi? Nikaandika: Pangani. Wewe, mama, ambaye Pangani umekwenda mara moja tu, kwenye msiba, ukarudi unalalamika kwamba maji yao yana chumvi.

Nilijiambia ni karatasi tu. Karatasi ya Wazungu, itawekwa kabatini, nani ataisoma?

Sasa nikueleze habari za Profesa, maana bila yeye hutaelewa yaliyotokea. Ni mzee wa miaka kama sabini, mwembamba, mikono inamtetemeka mpaka ashike chaki, hapo hutulia. Ujanani mwake, wakati wa Mjerumani, alikaa Tanga miaka miwili, na Kiswahili chake ni cha mabibi zetu. Akitaka kuondoka husema, "Nipe ruhusa." Jioni ndiyo zamu ya lugha yetu, lakini asubuhi huwafundisha wanafunzi walewale tisa maneno ya mababu zao wenyewe. Siku moja aliniambia, "Njoo usikilize, Bwana Rajabu, nasi tuna wazee wetu." Nikaenda, nikakaa nyuma karibu na jiko la makaa, kwa ajili ya joto zaidi kuliko elimu.

Akaandika ubaoni nyota ndogo, na baada ya nyota akaandika neno: skamō. Akasema nyota ile maana yake ni kwamba neno hilo hakuna mtu aliyelisikia wala aliyeliona limeandikwa. Waliolisema walikufa zamani sana, kabla ya wino kufika kwao. "Basi tumelijuaje?" akauliza, akajijibu mwenyewe: kwa watoto wake. Mwingereza husema sheim. Mdenmaki na Mswidi husema skam. Mholanzi analo lake, linaanza kwa kukwaruza koo, skhaamte. Mjerumani husema shaam. Wote maana yao ni ile tunayoiita haya. "Ukiwakuta watoto watano wana pua moja," akasema, "unajua walikuwa na mama, hata kama kaburi lake hulijui."

Niliyapenda maneno hayo, mama. Niliyaandika daftarini, wajua mimi na madaftari. Akaendelea kusema kwamba wako wataalamu wanaodhani neno hilo nalo lilizaliwa na la zamani zaidi, lenye maana ya kufunika, kwa kuwa mtu mwenye haya hujifunika. Wako wanaokataa, na yeye mwenyewe hana hakika. Akasema Wajerumani wana maneno mawili ya ukoo huo. Shaam ni ile inayokuchoma uso hata ukiwa peke yako chumbani. Shande ni ile wanayoiona majirani. Waingereza nao wana kijineno, sham, maana yake kitu cha kughushi, kinachojifanya kile ambacho sicho. Pengine ni mjukuu wa hilohilo, pengine siyo. Hayo nayo niliyaandika, kwa mwandiko mzuri, na wino haukudondoka.

Ndipo akageuka. "Na kwenu je, Bwana Rajabu?"

Nikasimama. Nikasema haya. Nikasema aibu. Nikaongeza fedheha, kwa kujionyesha. Profesa akayaandika yote matatu, akatikisa kichwa polepole. "Ni mazuri, lakini wote hawa ni wageni. Wametoka Arabuni." Kijana mmoja akatamka kitu kwa Kijerumani, wenzake wakacheka, nami nilielewa. Alisema kumbe watu wa kwetu walikaa bila haya mpaka Mwarabu alipotia nanga. Profesa alimkemea vibaya. Alimwambia hata neno shule, ambalo Wajerumani hujisifu kuwa walituachia sisi, wao wenyewe walilichukua kwa Warumi, na Warumi kwa Wayunani, kwa hiyo afunge mdomo. Kisha akanitazama kwa upole. "Kabla ya wageni, mabibi zenu walisemaje?"

Mama, nililijua. Lilinijia mdomoni kabla hajamaliza kuuliza, tena kwa sauti yako, umesimama mlangoni na mwiko mkononi: "Rajabu, we mwana, huna soni?"

Lakini nyuma ya sauti yako ikaja ya shangazi Fatuma. Wakumbuka nilipokuwa mdogo, nikisema naona soni, alivyokuwa akinifinya sikio? "Wacha hicho Kishamba chako! Mtoto wa mjini huona haya. Soni waachie wenyewe huko Muheza." Baba alikuwa akicheka tu. Na wewe ulikuwa papo hapo, unapepeta mchele, hukuinua uso. Mimi nikajifunza upesi, nikawa naona haya kama watoto wengine wa mjini.

Yule mwanamke mwenye miwani akafungua kitabu kikuukuu, akaweka kidole. "Hapa pameandikwa soni," akasema. "Si neno la kwenu?"

Nikasema si la kwetu. Nikasema hilo ni la watu wa mashamba, Wabondei na Washambaa wanaoteremka mjini kuuza vitu, na kwamba sisi wenyewe wa Tanga hatulisemi na wala hatulijui.

"Hata mama yako?" akauliza Profesa.

"Mama yangu ni Mwarabu wa Pangani."

"Pangani!" Uso ukamng'aa, maana aliwahi kufika. "Basi vizuri. Mwandikie, umwulize wanawake wa huko husemaje."

Hapo nikaona yatakayofuata: barua, majibu, mwandiko wa Mwanaidi, jina lako. Nikatafuta la kusema litakalokomesha maswali, nikalipata upesi mno. Nikasema, "Haiwezekani, bwana. Mama yangu amefariki."

Mwanaidi, kama umefika hapa na bado unasoma, Mungu akulipe. Mama, nimeandika sentensi hiyo mara sita kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiandika hapa, nikijaribu kuifanya iwe nyepesi. Haiwi. Nilikuua kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu tisa na Profesa, kwa ajili ya neno moja la silabi mbili.

Profesa akavua miwani, akasema kwa Kiswahili chake cha zamani, "Pole sana, bwana. Mola amrehemu." Yule kijana aliyetudhihaki akaja kunipa mkono. Jioni mke wa Profesa akaniletea keki ya matunda, imefunikwa kitambaa cheupe, na Bi. Frida akanishonea utepe mweusi kwenye mkono wa lile koti. Keki nikaila. Nilikuwa na njaa, na ilikuwa tamu, nikala vipande vitatu. Nimekula hitima yako, mama, na wewe uko hai kwako unapika.

Likaja jingine la kunimaliza. Profesa alikuwa na nia ya siku nyingi ya kurudi Tanga kabla hajafa, na sasa amepata nafasi ya kusafiri. Akatangaza darasani kwamba akifika atakwenda Pangani kuzuru kaburi la mama yake Bwana Rajabu. Akaniomba nimchoree ramani. Nikamchorea! Nikaweka msikiti, nikaweka minazi mitatu, nikaweka alama pale ulipozikwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku kumi na tisa. Siku ya kumi na tisa barua yako ikafika chuoni. Mwanaidi, wewe na madaha yako ya mwandiko! Nyuma ya bahasha umeandika kwa herufi kubwa, kama hati ya kadhi: KUTOKA KWA MAMA YAKE MZAZI, BI. ZAINA BINTI KIONDO WA MUHEZA, SASA YUPO NGAMIANI. Barua za chuoni hupokelewa na Profesa mwenyewe kila asubuhi, na Profesa anasoma Kiswahili kuliko mimi na wewe.

Alinikuta ukumbini, wanafunzi wakipita. Akanipa bahasha, upande ule wa maandishi ukiwa juu. "Umepata barua, Bwana Rajabu," akasema. "Imetoka kwa..." Akasita, midomo ikamcheza. "Imetoka Tanga." Akaenda zake. Hakunitazama usoni, nami nikamshukuru kwa hilo.

Nikaenda kuifungua chooni, ndiko kuliko na komeo. Umeniambia paa limezibwa, mbuzi wa jirani amekula mchicha wako wote na mwenyewe anakana, mjomba Mhina alikuja akakaa siku tatu na kikohozi chake. Na chini kabisa: "Mwanangu, huko ugenini ukishikwa na njaa usione soni kuomba. Wazungu nao wana mama zao." Mwanaidi aliandika vilevile ulivyotamka, hakulisafisha. Nilikaa pale na neno lile mkononi, na mtu akawa anagonga mlango anataka kuingia.

Si mara yangu ya kwanza, mama, na wewe wajua. Hatujawahi kulisema, basi nalisema mimi leo. Nilikuwa darasa la tano. Ulishuka garimoshi la kutoka Muheza na kapu la machungwa kichwani, ukapitia shuleni saa ya mapumziko unipe mawili matatu. Wenzangu, watoto wa makarani na wa wenye maduka, wakauliza, "Rajabu, mama yule anakupungia mkono, nani wako?" Nikasema, "Si mtu wangu, mwuza machungwa tu." Ulisikia. Tulikuwa karibu kuliko nilivyo mimi na kitanda hiki. Ukateremsha kapu, ukasema, "Machungwa, wanangu, machungwa matamu ya Muheza." Wakanunua. Kisha ukanigeukia mimi: "Na wewe, bwana mdogo, hutaki?" Nikasema sitaki. Jioni nyumbani nilikuta manne yamemenywa kwenye sahani yangu, na hukusema kitu, wala siku ile wala baadaye. Nikayala pia.

Baada ya barua ile nilijifanya mgonjwa siku mbili. Bi. Frida akawa ananiletea mchuzi wa kuku na kunishika paji la uso. Na kitandani pale, mama, niliandika barua nyingine kwako. Nilikusudia kukwambia kwamba anakuja mzee mmoja wa Kizungu, na kwamba akifika umwambie wewe ni mama wa kunilea, uliyechukuliwa na baba baada ya mama mwenyewe kufa. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri sana, hata Mwanaidi nilimpa maneno yake ya kusema, kwamba lile MZAZI la kwenye bahasha aliliandika kwa mazoea tu. Nikafika kwenye mstari, "Na akikuuliza kama una mtoto wako wa kuzaa, sema..." Nikainua kalamu. Nilikuona. Nilikuona umekaa barazani, unasikiliza barua inasomwa, na nilijua ungekubali. Ungesema, "Kama ndivyo atakavyo Rajabu, basi." Ungemwambia mgeni huna mtoto, kisha ungemkaribisha chai. Ni hapo nilipolia, na nikaichana barua ile vipande vipande nikavitia kwenye jiko la Bi. Frida.

Siku ya tatu nikaenda ofisini kwa Profesa. Sikukaa. Nikasema, "Bwana, nilikudanganya. Mama yangu yu hai. Ni Mbondei wa Muheza. Soni ni neno lake, analisema kila siku, nami nimelisikia tangu nilipokuwa mgongoni mwake."

Nilidhani atanifukuza. Wallahi ningependa afanye hivyo, ingekuwa rahisi. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kadi, bunda baada ya bunda, maneno yote niliyomsemea mwaka mzima, akayapanga mezani mpaka meza ikajaa.

"Bwana Rajabu," akasema, "kila kadi hapa ni swali nililokuuliza. Ukasema hili lipo, hili halipo. Sasa nifanye nini nazo?"

"Zilizobaki zote ni kweli, bwana."

"Nitajuaje?"

Akanionyesha kadi ya soni, akaniambia neno lile si yatima hata kidogo. Wakikuyu husema thoni. Waganda husema ensonyi. Wazulu, kule kusini kabisa mwa Afrika, husema amahloni. Ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni wa kale mno. "Wewe ulinipa ushahidi kwamba pwani ya Tanga halijulikani," akasema. "Ningeliandika hivyo kitabuni. Angekuja mwingine akasoma, naye akaandika vilevile. Mama yako angekuwa anasema neno lake kila siku mlangoni pake, na vitabu vinasema watu wake hawalijui." Hakupandisha sauti. Nilitamani aipandishe.

Basi ameamua hivi. Safari ya Tanga ipo palepale, lakini Pangani haendi tena. Atakuja kwako. Kadi zote atakuja nazo, na atakuuliza wewe, moja moja, hata ikichukua mwezi. Atakuja na sanduku linaloshika sauti ya mtu, usiliogope, haliumi. Utakayoyakubali atayaweka, utakayoyakataa atayachana. Mimi nabaki hapa mpaka arudi. Kama maneno yangu yatasimama, nitaendelea na kazi. Yasiposimama, nitarudi nyumbani, nikiwa mtu ambaye hata Kiswahili chake hakiaminiki.

Sasa ombi langu, na si lile unalolidhani. Usinifunike, mama. Nakujua, utataka kunifunika. Atakuuliza neno usilolisema, utalikubali kwa kuwa limetoka kwangu. Usifanye hivyo. Kama hulisemi, mwambie hulisemi, na aandike. Usimtafutie maneno ya mjini ya kumpendeza. Ukitaka kusema Kibondei, sema Kibondei. Shangazi Fatuma atataka kukaa karibu yako akusahihishe, mtumeni sokoni. Na mzee akikuuliza mimi ni mtoto wa namna gani, usimpe sifa za uongo. Uongo wetu mimi peke yangu nimeshautimiza, umetosha nyumba nzima.

Naona soni, mama. Haya niliiona pale ukumbini, mbele ya watu, ikapita kama mvua ya msimu. Hii haipiti. Naamka nayo, nalala nayo, nikishika kijiko nakumbuka ile keki. Sijui niombe vipi msamaha wa mtu aliyemzika mama yake kwa kuogopa kuchekwa. Ungekuwa karibu ningekushika miguu. Hapa nina karatasi tu, nayo inaisha.

Nisalimie mjomba Mhina, kaka yako, na kikohozi chake, umwambie mpwawe amekana hata kijiji alichochezea, na siku nikirudi anichape kama zamani. Nisalimie shangazi Fatuma, dada wa baba, umwambie sina kinyongo naye, yeye alinifinya sikio tu, mengine nilijifanyia mwenyewe. Nisalimie jirani mwenye mbuzi, hata kama anakana. Mwalimu wangu wa Kurani, kama bado yu hai, mwombeni aniombee dua, bila kumweleza kwa nini. Bi. Frida anakusalimu sana. Nilimweleza kwamba u hai, akaufumua utepe kwenye koti, kisha akanipiga kofi la bega, kali. Mwanaidi, asante kwa kusoma, na asante kwa ile bahasha. Sikudhani nitawahi kukushukuru kwa herufi kubwa.

Ukinijibu, mama, usimwache Mwanaidi akutengenezee maneno. Aandike Kibondei chako kama kinavyotoka, hata kikiwa ni matusi matupu. Utotoni ulikuwa ukinisemesha kwa lugha yako, nami nikijibu, "Sielewi." Ukawa unarudia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayesema na mgeni. Mama, nilikuwa naelewa. Siku zote nilikuwa naelewa.

Mwanao,
Rajabu